Mwalimu Cyprian Chilumba Hakurogwa

Baba Katekista, Mwenyekiti wetu wa Mtaa, walimu wastaafu na mlioko kazini, majirani wa Boko, ndugu mliosafiri kutoka Kusini, na nyie ndugu wa Pwani mliosimama kule nje ya uzio kwa sababu hamna uhakika kama mnatakiwa, wakubwa shikamooni, wengine poleni kwa msiba, mimi naitwa Adelina, mpwa wa marehemu, nimelelewa ndani ya nyumba hii, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu kikao cha familia kilisema mimi ndiye msomi, hivyo naishukuru familia kwa kuipatia degree yangu kazi ya kwanza tangu nilipovaa joho mwaka 2019.

Kabla sijaanza, niseme jambo moja wazi ili asije mtu kusema aliviziwa. Karatasi niliyokabidhiwa jana na Mjomba Gregori, mdogo wake marehemu, ina kuzaliwa, ina shule, ina kazi, ina watoto, ina ugonjwa na ina kifo, ila ndoa haimo, watoto wameota tu kama uyoga, na mchapaji hakukosea, ndivyo ilivyoamuliwa, kwa sababu wapo humu wanaoamini kwamba Mama Tunu, mke wa marehemu, ndiye aliyemuua, tena kwa uchawi, na mnajua kama mie ninavyojua kwamba mke asiyetajwa kwenye historia ya mumewe leo, kesho hana mlango wa kuingilia, na hakuna hata atakayejisumbua kumwambia kosa lake. Karatasi ile ninayo, nimeikunja, iko kwenye pochi. Ninayoisoma ni hii, na kwetu Kusini ukoo unapita kwa mama, mpwa ana neno lake kwenye msiba wa mjomba, so naomba nisikilizwe mpaka mwisho.

Marehemu Mwalimu Cyprian Kasian Chilumba alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962, kijijini, jirani na Ndanda, wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa Mzee Kasian, mchonga vinyago, na Bibi Filomena, mkulima wa mihogo na korosho, wa kwanza akiwa Mama mkubwa Demetria, ambaye mnamwona amekaa hapa kichwani pa jeneza, wa tatu mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, na wa mwisho Mjomba Gregori, ambaye naye mnamwona, tena mnaona anavyoniangalia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1970 hukohuko kijijini, na mwaka 1974 baba yake alipoona vinyago havilishi watoto akahamia Dar es Salaam, Keko, akawa fundi wa vitanda na makabati ya barabarani, marehemu akaendelea na shule ya msingi Temeke, akamaliza mwaka 1976, asubuhi darasani, jioni kupiga msasa miguu ya meza. Hapo Keko, mwaka 1975, kulitokea jambo ambalo sie watoto wa nyumba hii tumelisikia mpaka tumelichoka. Fundi mmoja alikatwa kidole na msumeno wa mashine siku moja baada ya kutukanana na mama lishe aliyekuwa akiwauzia wali, watu wakakaa, wakajumlisha, mama lishe akafukuzwa yeye na masufuria yake, na mwezi haujaisha mashine ileile ikala vidole vya fundi mwingine, mama lishe hayupo hata wa kusingiziwa. Mjomba alikuwa akisema siku ile hakujiuliza lolote kuhusu mama lishe, alijiuliza kuhusu mafundi, watu wanaoweza kufumba jicho moja wakakwambia ubao umepinda wapi, imekuwaje wote walimwona mwanamke na hakuna aliyeona kwamba mashine haina kinga.

Alijiunga na sekondari mwaka 1977, akamaliza kidato cha nne mwaka 1980 na cha sita mwaka 1983, akapita jeshini kama vijana wote wa wakati ule, akaingia chuo cha ualimu mwaka 1984, akahitimu mwaka 1986, na mwezi Julai mwaka huohuo akaajiriwa kufundisha Biology katika shule moja ya sekondari hapa Temeke, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu kwa umri tarehe 14 Agosti 2022, hakuwahi kuwa mkuu wa shule, hakuwahi kupewa cheti cha mfanyakazi bora, na wanafunzi wake wamejaa humu uwanjani mpaka wengine wamekaa juu ya tangi la maji.

Nyie wanafunzi wake mnaukumbuka ule mpira. Kila mwaka, somo la mageuko likifika, evolution kama mtihani unavyoliita, aliingia darasani na kipande cha mpira wa kumwagilia maua amekificha ndani ya koti, akakirusha miguuni mwenu bila kusema neno, darasa zima mkapanda juu ya madawati, wavulana wenye ndevu mkilia mama, kisha akawauliza ni nani kati yenu amewahi kumjua mtu aliyeumwa na nyoka Temeke, hakuna mkono, na nani anamjua mtu aliyekufa kwa bodaboda au kwa waya wa umeme, mikono yote juu, halafu anawauliza sasa mbona waya unaoning'inia pale dirishani mnautumia kuanikia soksi. Akili zenu, alikuwa akisema, zilitengenezwa porini, kwa ajili ya nyoka na chui na jirani mwenye wivu, hazijapata habari kwamba mmehamia mjini. Mzee aliyesikia majani yakichezacheza akasema ni upepo, alikuwa sahihi miaka yote, akakosea mara moja, na hiyo mara moja ndiyo sababu hana mjukuu humu darasani, waliobaki na wajukuu ni wale waliokimbia kwanza wakauliza baadaye, na ndio sisi, watoto wa waoga, wenye kichwa kinachouliza nani kabla hakijauliza nini.

Watu walimsema. Mzazi mmoja alikuja shuleni kulalamika kwamba mwalimu anamfundisha mwanawe kuwa ametokana na nyani, Mjomba akamjibu kwa upole wote kwamba silabasi haijasema hivyo, ila kwa vile amemwona mtoto na sasa amemwona mzazi, atalifikiria. Jumapili alikuwa Misa ya kwanza, Jumatatu alikuwa kwenye mageuko, na padre alipomuuliza anawezaje kubeba vyote viwili, alijibu kwamba Mungu hana haraka.

Lakini hilo la nyoka lilikuwa nusu ya somo, nusu ya pili wengi mlikuwa mmeshachoka, mnasubiri kengele. Alisema hata kufikiri kwenyewe, huku kutoa hoja tunakojivunia, hakukukua ndani yetu ili tuujue ukweli, kulikua ili tushinde kwenye kikao, aliyejua kujitetea mbele ya wenzake hakufukuzwa kundini, akala, akazaa, hivyo kila mtu amezaliwa na wakili kichwani, wakili huyo hana kesi anayoikataa, ukishaamua jambo anakuletea sababu kumi kabla hujaziomba, na macho yake ni makali kwa matundu ya mwenzako, ya kwako hayaoni. Ndiyo maana darasani kwake hakuna aliyeruhusiwa kutetea jibu lake mpaka wa dawati la pili alishambulie kwanza. Mkamchukia kwa hilo. Mkafaulu kwa hilo.

Sasa ndoa.

Mwaka 1996, Jumamosi, akiwa Keko kumsalimia baba yake, aliingia msichana na mama yake kutoka Mbezi, watu wa pale hasa, wenyeji wa Pwani tangu hoteli hazijaota ufukweni, wamekuja kushtaki kabati ambalo mlango wake haufungi, Mzee Kasian akasema nyumba yao ndiyo iliyopinda, msichana akachukua glasi ya maji ya fundi mwenyewe, akaiweka juu ya kabati, maji yakaegemea upande, akasema haya, na hapa kwako napo pamepinda? Mafundi walicheka mpaka wa kibanda cha tatu, mzee akatengeneza mlango bure, na Mjomba akarudi nyumbani akimwambia mama yangu kwamba ameona mtu atakayempinga maisha yake yote. Walifunga ndoa tarehe 26 Septemba 1997, bomani, mbele ya Mkuu wa Wilaya, Mwalimu Cyprian Kasian Chilumba na Bi Tunu binti Mwinjuma, kila mmoja akabaki na dini yake, yeye kanisani mkewe msikitini, wakaishi pamoja miaka ishirini na sita, hawakuachana, hawakutengana hata mwezi mmoja.

Hiyo ndiyo ndoa, imeshasomwa, imesikika, na najua kuna watakaosimama kupinga, basi wasimame, mie naendelea na watoto.

Walijaliwa watoto wawili, Marselino, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1999, na Munira, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 2003, na mwaka 2001 mama yangu alipofariki walinichukua mimi, nina miaka mitano, na Mama Tunu ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenichapa, ndiye aliyeuza cherehani yake ili mimi nisome hiyo Bachelor of Science ambayo leo mnaiona imesimama mbele yenu bila ajira. Na nyie mnaonong'ona kwamba sipati kazi kwa sababu huyohuyo mama amenifungia nyota, please, hebu tuheshimiane, tumemaliza chuo maelfu, tunagombania nafasi za kuhesabu kwa vidole, wenzangu wako Mbagala, wako Mwanza, wako Mbeya, wote wako nyumbani, mwanamke mmoja wa Mbezi ameturoga nchi nzima kwa basi gani?

Ugonjwa. Mwezi Machi 2016 marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu, akaandikiwa vidonge vya kila siku, akavimeza vizuri tu, mpaka mwezi Desemba 2023, alipoamua mwenyewe kuviacha, bila kumwambia mtu, kwa sababu alijisikia mzima, na kwa sababu presha haiumi, haina meno, hailii kwenye majani, na kichwa chake kilikuwa cha binadamu kama chako na changu. Alijua. Aliweza kuwaeleza Form Four kwa nini ulimi wetu unaipenda chumvi, kwamba porini ilikuwa adimu na aliyeitamani ndiye aliyeishi, kisha akatoka darasani, akanunua ng'onda, samaki yule mkavu mwenye chumvi nje kama unga, akala wawili. Mwalimu alijua, ulimi wake haukusoma shule.

Jumapili ya tarehe 2 Juni mwaka huu wa 2024 Mama Tunu alivikuta vidonge vya miezi sita ndani ya kiatu cha kanisani, na ng'onda wamefungwa gazetini juu ya kabati, akatoka navyo uani, akawamwaga wale samaki kwa kuku, na akasema kwa sauti ambayo majirani wa pande zote waliisikia, sibishi, hata mie niliisikia nikiwa bafuni, "Utakufa wewe Cyprian, tena utakufa karibu, na mie sitakulilia." Jumapili iliyofuata, tarehe 9, marehemu alianguka akitoka kunawa uso, tukamkimbiza hospitali, madaktari wakatueleza kwamba mshipa wa damu umepasuka kichwani kwa sababu ya presha, na Jumanne tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, akafariki, mkewe akiwa amemshika miguu.

Nisiwadanganye, neno la kwanza lililonijia kichwani pale wodini, kabla ya machozi, lilikuwa nani. Mimi, na degree yangu, na somo lote lile. Halikuomba ruhusa, lilipita kama kupiga chafya, na ndiyo maana siwacheki walioliwaza, nawashangaa waliolipeleka kwenye kikao likapigiwa kura.

Kikao kilikuwa jana mchana, chini ya turubai hilihili. Mama mkubwa Demetria alisema maneno machache, "Alimwambia utakufa, na amekufa. Mnataka nini tena?" na watu wakaitikia kwa vichwa, maana kwa kweli yanaingia kichwani vizuri, yanakaa kama kifuniko kwenye sufuria lake. Nikatoa karatasi za daktari, wakasema hiyo presha ndiyo njia aliyopitishiwa. Nikasema baba yake naye alikufa kwa presha, wakasema basi unaona, anajua pa kupiga. Nikasema vidonge aliviacha mwenyewe, wakauliza nani aliyemtia moyo wa kuviacha. Kila nilichoweka mezani walikigeuza kikawa chao, na jinsi nilivyozidi kuwa na evidence ndivyo walivyozidi kuwa na uhakika, mpaka Mjomba Gregori akahitimisha kwamba huyo mwanamke asikanyage hapa mpaka tumzike, na jina lake lisisomwe. Watu wazima, wenye akili zao, wapole, wanaonunua dawa za watoto famasi kama kila mtu. Mawakili wote upande mmoja, hakuna wa dawati la pili.

Ndipo akaingia mtani.

Kwa vijana waliozaliwa mjini, mtani msibani si mchekeshaji wa kukodi. Ni mtu wa kabila lingine, ambalo babu zetu walipigana nalo mpaka wakachoka wakageuza vita kuwa matani, hana fungu kwenye urithi wetu, hawezi kutukosea, kaburi anachimba yeye na wenzake, na ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya wafiwa, ukinuna ni wewe mwenye aibu. Basi Mzee Nassibu, mtani wetu, akaja na koti la Mjomba, miwani ya Mjomba puani, mikono nyuma, mguu wa kulia akiuburuza kidogo kama alivyokuwa akiuburuza, akatuzunguka kama anasimamia mtihani, akamwinamia Mama mkubwa, akasema kwa sauti ileile ya Mjomba, "Dada Demetria, mie nimewaambia Form Two watafeli, kila mwaka, miaka thelathini na sita. Na wamefeli. Nimewaroga wote?"

Hakuna aliyecheka. Akamgeukia Mjomba Gregori, akashusha miwani, akasema, "Na wewe mdogo wangu, tangu utoto unaniambia nitakuua kwa presha. Mbona mwenye presha nilikuwa mie, na wewe umenona hivyo?"

Mama mkubwa ndiye aliyeanza. Alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika, akacheka, na kicheko hakikuwa na mahali pa kwenda, kikageuka kilio, kilio cha kwanza tangu Jumanne, maana tangu Jumanne alikuwa na mshtakiwa, alikuwa bado hajafiwa. Mjomba Gregori naye alicheka, nilimwona, akacheka na kuchukia kwamba anacheka, akasimama akasema vicheko haviziki mtu, uamuzi uko palepale, jina halisomwi. Nassibu akavua koti taratibu, akalikunja, akavua na miwani, akasema, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, "Kaburi tunachimba sisi na jeneza tunabeba sisi. Mtu mwenye maisha nusu hatumbebi, mtambeba wenyewe." Na leo kama mnavyoona, watani wamekaa kando ya jeneza na majembe yao yako safi, kaburi halijachimbwa, wanasubiri nimalize.

Nimekaa nikawaza usiku kucha, kichwa changu hakina ajira kinapata wapi usingizi, kwamba yale mageuko aliyotufundisha yalitupa hofu ya kukimbia na ulimi wa kujitetea, breki hayakutupa, na wazee wetu ambao hawakukaa kwenye maabara yoyote walishajua kwamba mtu aliyefiwa hawezi kujipinga mwenyewe, wakamwekea wa kumpinga, wakampa na ulinzi asipigwe.

Mjomba Gregori, Mama mkubwa, siwaiti wajinga, aliyewahi kuwaita wajinga mbele ya Mjomba Cyprian alifukuzwa mezani, na wa kwanza kufukuzwa nilikuwa mie. Mnampenda, na kichwa cha anayependa kinatafuta mtu wa kukabiliana naye, kwa sababu kukabiliana na mshipa hakuna anayeweza. Lakini mshipa ndio uliopasuka.

Kwa niaba ya familia natoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliompokea Jumapili ile wakahangaika naye siku mbili bila kutubagua, kwa majirani wa Boko waliotoa viti, maji na gari, kwa walimu wenzake wa Temeke na wanafunzi wake wa miaka yote, kwa mafundi wa Keko waliotengeneza jeneza hili na kukataa kulipwa, kwa Wakristo na Waislamu walioomba pamoja hapa uani, kwa watani zetu, ambao kazi yao bado, na kwa wote ambao siwezi kuwataja mmoja mmoja, Mungu awalipe.

Ratiba inasema kinachofuata ni heshima za mwisho, na anayetangulia ni mjane. Mama Tunu yuko nyumba ya jirani, chumba cha uani, tangu Jumanne, na hajauona uso wa mumewe tangu walipomfunika pale hospitali. Asubuhi nilimwambia Mama mkubwa Demetria kwamba nikimaliza kusoma nitamwita, akanijibu bila kuniangalia kwamba nisithubutu kumwita, mjane haitwi kwa kipaza sauti kama mgonjwa wa zamu, mjane anafuatwa, na anayemfuata ni wifi yake mkubwa, na mpaka sasa sijui kama alikuwa ananikataza au ananiahidi. Mama mkubwa, mie nimefika mwisho wa karatasi, jeneza liko wazi, watani wameshika majembe, na njia ya kwenda kwa jirani tumekuachia, hakuna aliyesimama hapo katikati.

Mwalimu, wewe pumzika. Sie tunamsubiri mkeo.